Shule ichague programu gani kuwakinga vijana na maradhi ya ulaji? Ulinganisho kwa shule za Uganda

Shule ya sekondari ya Uganda ikiamua kufanya jambo kuhusu wanafunzi wanaojinyima chakula kwa ajili ya umbo, au wanaokula kupita kiasi kisha wakajiadhibu, itakuta njia nne mezani. Ya kwanza ni kumwalika mgeni azungumze asembli. Ya pili ni mijadala ya vikundi vidogo, na inayojulikana zaidi ni Body Project kutoka Marekani. Ya tatu ni masomo ya kuhakiki picha na matangazo, kama Media Smart ya Australia na ndugu yake mfupi, Dove Confident Me. Ya nne ni programu za lishe na mazoezi. Zote husemwa kwamba zinakinga. Si zote zinazokinga, na moja kati ya hizo imewahi kukutwa ikiongeza kile ilichokuja kukizuia.

Walengwa wangu ni walimu walezi, matroni na wazazi wanaokaa kwenye kamati za shule, hasa kule ambako Kiswahili ndicho kinachosikika uwanjani na bwenini: Arua, Koboko, Bombo, Busia, kwenye kambi za polisi na jeshi, na kwenye makazi ya wakimbizi kama Kyangwali na Nakivale. Niseme mapema ninakoegemea. S1 na S2, yaani miaka miwili ya kwanza ya sekondari, wapewe masomo ya kuhakiki picha, wasichana na wavulana pamoja. Kuanzia S3, wasichana wanaotaka wenyewe wapewe mijadala ya vikundi. Hotuba ya asembli iachwe, na mizani isiingie darasani kabisa.

Tunakinga nini hasa

Maradhi yenyewe ni matatu hasa. Kuna anoreksia, ambapo mtu hujinyima chakula mpaka mwili unadhoofika huku yeye akijiona bado mnene. Kuna bulimia, ambapo hula kwa pupa asiyoweza kuizuia, kisha hujilazimisha kukiondoa chakula mwilini. La tatu ni kula kupindukia bila kukiondoa, ambalo liliingia rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013. Anoreksia ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi. Mara nyingi maradhi haya huanza katika ujana, yaani miaka ileile ambayo sisi huwa tumempeleka mtoto bweni.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Wana sababu za kusema hivyo. Katika Ankole, bibi harusi wa Kihima alikuwa akinyweshwa maziwa mpaka anenepe ndipo aolewe. Ukimwi ulipoenea Rakai na Masaka miaka ya 1980, watu waliuita Slim, na kwa miaka mingi baadaye aliyekonda ghafla aliangaliwa kwa jicho la wasiwasi. Shangazi akimwambia binti kwamba amenawiri, anamsifu. Hata serikali iliingia kwenye mkondo huo: Februari 2019, waziri wa nchi wa utalii Godfrey Kiwanda alizindua shindano la Miss Curvy, akisema wanawake wenye maumbo yao ni kivutio cha watalii. Zogo lililofuata wengi wanalikumbuka.

Lakini Fiji nako unene ulikuwa heshima. Televisheni ilipofika mkoa wa Nadroga nchini humo mwaka 1995, mtafiti Anne Becker aliwapima wasichana wa shule wakati huo, kisha akapima tena mwaka 1998. Waliokuwa na alama za hatari kwenye dodoso la ulaji walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2. Tabia ya kukitoa chakula kwa makusudi ili kupunguza uzito, ambayo mwanzoni haikuwa na hata mmoja, ilifika asilimia 11.3. Hiyo ilikuwa miaka mitatu tu, na ni televisheni, si simu.

Ghana ndiyo inayonihangaisha zaidi, kwa sababu hadithi yake ni ya karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwapima wasichana 668 wa sekondari kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo. Kumi kati yao walikuwa wamekonda vibaya bila ugonjwa mwingine wowote ila kujinyima chakula. Hawakuwa wakiogopa unene wala kuiga mtu wa kwenye picha. Walizungumzia kujinyima kwao kwa lugha ya dini: kujitawala, kujitakasa. Sasa tazama shule zetu. Kuna Kwaresima, kuna Ramadhani, kuna mfungo wa walokole wa siku kadhaa kabla ya mitihani. Msichana anayeruka milo kwa wiki tatu anaweza kupewa uongozi wa ushirika badala ya kupelekwa kwa muuguzi. Katika programu nne ninazozilinganisha, hakuna hata moja iliyotungwa kwa kumwazia huyo.

Kuna vificho vingine vya kwetu pia. Hedhi ya msichana ikikatika, jambo la kwanza shule inalolifikiria ni mimba, na vipimo vya mimba vikitoka salama hakuna anayeuliza zaidi. Akisema ana vidonda vya tumbo, anaandikiwa chakula maalumu au anaachwa asile maharagwe, na mambo yanaishia hapo. Kwenye shule za kutwa ambako mzazi hajaweza kulipia chakula cha mchana, anayejinyima na aliyenyimwa wanakaa chini ya mwembe mmoja, na huwezi kuwatofautisha kwa macho.

Kuhusu umbo lenyewe, binti wa Kampala au Arua leo havutwi upande mmoja. Nyumbani wanataka anenepe. Kwenye TikTok anaonyeshwa tumbo bapa na makalio makubwa kwa pamoja, umbo ambalo wasichana wengi hawalipati kwa kula wala kwa kutokula. Hapo ndipo anapojinyima chakula wiki hii na wiki ijayo akanunua vidonge vya kuongeza makalio sokoni. Wavulana nao wana lao: misuli, poda, kunyanyua vyuma bwenini. Programu inayoingia darasani ikidhani adui ni wembamba peke yake itachekwa.

Hotuba ya asembli

Sitakaa hapa sana. Mwaka 1997 watafiti wa Oxford walichapisha matokeo ya somo walilowapa wasichana wa shule wa miaka 13 na 14 kuhusu maradhi ya ulaji. Miezi sita baadaye wasichana hao walikuwa wakijinyima chakula zaidi kuliko mwanzo. Mwaka huohuo, chuo kikuu cha Stanford kilitoa matokeo yanayofanana: wanafunzi waliosikiliza simulizi za wenzao waliopona walionyesha dalili nyingi kidogo kuliko wasiosikiliza. Ukimsimulia kijana wa miaka 14 jinsi fulani alivyokuwa akificha chakula, umemfundisha kuficha chakula. Ukimwambia kwamba wengi wanafanya hivyo, umemwambia kwamba si ajabu.

Sisi Waganda tuna kumbukumbu yetu ya jambo hili. Mpango wa PIASCY wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulileta ujumbe wa asembli kuhusu Ukimwi na vibao kwenye viwanja vya shule. Vingi bado vimesimama, rangi imepauka, na wanafunzi hupita chini yake wakienda kuchota maji. Sisemi PIASCY haikufaa kitu. Vilabu vyake vilikuwa na uhai. Nasema kibao na kipaza sauti ndivyo vilivyokuwa sehemu dhaifu, na ndivyo tunavyokimbilia kwanza kwa kuwa ni rahisi.

Hotuba ina mahali pake pamoja tu: kwa watu wazima. Walimu, matroni, wapishi na wazazi wa siku ya kutembelea wanahitaji kuambiwa dalili ni zipi. Hao hawatajifunza hila, watajifunza kutazama.

Body Project na Media Smart, uso kwa uso

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo.

Body Project ilianzishwa na mtafiti wa Marekani Eric Stice na wenzake. Msingi wake ni nadharia ya Leon Festinger ya mwaka 1957: mtu hapendi kusema jambo moja huku akishikilia lingine moyoni, kwa hiyo akitetea jambo kwa hiari yake na mbele ya wenzake, moyo huanza kufuata kinywa. Wasichana wachache hukaa pamoja kwa vipindi vinne vya takriban saa moja. Wao wenyewe ndio wanaotaja umbo linalosifiwa, nani anafaidika nalo, na linamgharimu msichana nini. Wanaandika barua kwa binti mdogo kumshauri. Wanaigiza: mmoja anasema maneno ya kujichukia, mwingine anamjibu. Wanapanga vitendo vidogo vya kupinga shuleni. Mwendeshaji hafundishi. Anauliza, halafu ananyamaza.

Media Smart ilitungwa na Simon Wilksch na Tracey Wade wa chuo kikuu cha Flinders, Adelaide. Ni masomo manane ya dakika 50, darasa zima, wasichana kwa wavulana. Wanafunzi huchunguza jinsi picha zinavyopangwa na kurekebishwa, jinsi tangazo linavyomfanya mtu ajione amepungukiwa ili anunue, kisha wanajadili namna ya kulijibu. Nayo si mhadhara. Ikifundishwa vizuri, wanafunzi ndio wanaozungumza zaidi.

Kwa ushahidi, Body Project iko mbele. Mwaka 2008 ilichapishwa taarifa ya jaribio la wasichana 481 waliofuatiliwa kwa miaka mitatu: hatari ya kuanza kuugua ilipungua kwa asilimia 60 kati ya walioshiriki. Baadaye ilijaribiwa ikiendeshwa na wauguzi, washauri na walimu wa sekondari wenyewe badala ya watafiti, ikaendelea kusaidia. Media Smart ilipimwa kwa wanafunzi 540 waliofuatiliwa kwa miaka miwili na nusu, na nafuu yake kuhusu wasiwasi wa uzito na umbo ilikuwa bado inaonekana mwishoni. Mwaka 2015 ikashindanishwa na programu nyingine mbili kwa wanafunzi 1,316 wa Australia, ikatoka ya kwanza.

Ila kuna tofauti ambayo watu huiruka wanaposoma namba hizo. Wasichana wa Body Project hawakuwa darasa zima. Walikuwa wale ambao tayari hawaridhiki na miili yao na waliokubali kuja. Media Smart ilichukua kila aliyekuwa kwenye orodha ya mahudhurio, pamoja na wale ambao wasingeugua hata bila somo. Ni rahisi kuonyesha umepunguza jambo pale lilipo kuliko pale lisipokuwepo. Kwa hiyo asilimia 60 isikufanye uchukue Body Project na kuimwaga kwa darasa la watoto 80 wa S1. Hutaipata.

Mapitio ya mwaka 2007 ya Stice na wenzake yalikusanya programu nyingi na kuuliza zipi zilifanikiwa. Asilimia 51 zilipunguza vihatarishi, na 29 tu ndizo zilizopunguza ugonjwa wenyewe, wa sasa au wa baadaye. Zilizofanya vizuri zaidi zilikuwa zile ambazo washiriki wanazungumza badala ya kusikiliza, zenye vipindi zaidi ya kimoja, za wasichana peke yao, za waliovuka miaka 15, na zilizolenga walio hatarini. Ukisoma orodha hiyo kwa macho ya Uganda, ni kama inaeleza S3 na S4 ya shule ya bweni ya wasichana. S1 ni wadogo mno kwa mchezo huo wa kujadili na kupinga. Wengi bado wanamtazama mwalimu wajue jibu sahihi ni lipi.

Sasa tuhesabu muda, maana mwalimu mkuu atauliza hilo kabla ya lolote. Masomo manane ya dakika 50 ni dakika 400, yaani vipindi kumi vya dakika 40 kama vyetu. S1 yenye mikondo mitatu itahitaji vipindi 30 vya mwalimu, saa 20. Body Project kwa S3 yenye wasichana 90, tuseme theluthi wamejitokeza, ni vikundi vitatu vya watu kumi: saa 12 kwa jumla. Wengi hudhani vikundi vidogo ni ghali. Kwa saa za mwalimu ni rahisi zaidi, kwa sababu hawaji wote. Tena tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020, shule zinatakiwa kuacha nafasi ya vilabu na miradi mchana. Mijadala inaingia hapo bila kugusa Hisabati ya mtu.

Vifaa: Body Project haihitaji kitu ila karatasi na chumba chenye mlango unaofungwa. Media Smart inahitaji picha, na shule zetu nyingi za bweni zimepiga marufuku simu. Hilo linatatulika. Chukua magazeti ya zamani ya Bukedde na New Vision, kalenda za saluni, mabango ya wasanii. Mwalimu apige picha yake mwenyewe kwa simu yake, aiwekee vichujio mbele ya darasa mpaka ngozi iwe laini na uso umechongoka. Dakika tano hizo zinafundisha kuliko projekta. Na marufuku ya simu isituhadae: likizo ni ndefu, na wanayoyaona Mei wanarudi nayo bwenini.

Mwendeshaji ndiye mtihani mgumu wa Body Project. Shule zetu zina yule mwalimu tunayemwita Senior Woman, na katika shule nyingi ndiye huyohuyo anayegawa pedi, anayeshughulikia mimba na anayekaa kwenye kamati ya nidhamu. Msichana hatasema ukweli mbele ya mtu ambaye jana alimwandikia adhabu. Ikiwa Senior Woman wenu ni mkali, mchukueni muuguzi wa shule, au mwalimu kijana wa michezo, au wasichana wawili wa S5 waliofunzwa vizuri. Huko Marekani wenzao wa vyuo wameiendesha vyema. Mwongozo wake umeandikwa hatua kwa hatua, hivyo hauhitaji mwanasaikolojia. Unahitaji mtu anayeweza kustahimili ukimya.

Kuna vipengele vya Body Project vya kurekebisha kabla haijavuka geti. Zoezi la kujitazama kwenye kioo, ambalo kwao hufanywa faraghani, haliwezekani kwenye bweni la vitanda vya ghorofa. Lifanywe mtu akiwa na sare yake, au libadilishwe awe anaandika yale ambayo mwili wake umemfanyia wiki hiyo. Na badala ya kuuliza juu ya wembamba, waulizwe ni umbo gani linalosifiwa hapa, nani analisifu, na kama mtu mmoja anaweza kuwa nalo lote. Wataanza kucheka katika dakika ya tatu, kwa sababu watagundua kwamba shangazi na TikTok hawawezi kuridhishwa pamoja. Kwa kuwa shuleni nywele zote zimekatwa na sare ni moja, kinachobaki cha kulinganishana ni mwili na ngozi, na krimu za kung'arisha ngozi zitaingia kwenye mazungumzo mkitaka msitake. Ziacheni ziingie.

Lugha nayo. Masomo ni Kiingereza, lakini utani wa bwenini si Kiingereza. Kama wasichana wa Bombo au Koboko wanataniana kwa Kiswahili na Kinubi, zoezi la kujibu maneno ya kejeli lifanyike kwa lugha hizo. Jibu lililotungwa kwa Kiingereza cha mtihani halitatoka kinywani saa tatu usiku kando ya bomba la maji.

Media Smart ina jambo moja ambalo Body Project haina: wavulana. Katika shule ya mchanganyiko, majina ya utani kuhusu kifua na makalio yanatoka kwenye viti vya nyuma, na hakuna mjadala wa wasichana peke yao utakaoyafikia. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema shule ichague moja tu kwa kuwa ina ushahidi mzuri zaidi. Zinafanya kazi mbili.

Dove Confident Me

Hii ina toleo la kipindi kimoja na la vipindi vitano, inatolewa bure mtandaoni, na ilitengenezwa pamoja na kituo cha utafiti wa mwonekano cha chuo kikuu cha West of England, Bristol. Mwalimu wa kawaida anaweza kuifundisha. Majaribio ya Uingereza yalionyesha nafuu ndogo. Kama mna nafasi ya vipindi vitano tu, chukueni hivyo vitano. Kile kimoja peke yake kitaridhisha ripoti ya mwaka na si zaidi. Kampuni inayomiliki Dove ndiyo iliyouza krimu ya Fair & Lovely, iliyobadilishwa jina kuwa Glow & Lovely mwaka 2020. Sioni sababu ya kuikataa programu kwa hilo. Naliona kama swali zuri la kuwapa wanafunzi wenyewe katika kipindi cha matangazo.

Lishe na mazoezi

Wazazi wengi wataipenda hii kwanza, na si upuuzi. Katika jaribio lile la mwaka 2008, Body Project ilipimwa pamoja na programu iitwayo Healthy Weight, iliyowaomba wasichana wachague mabadiliko madogo ya kudumu katika kula na kufanya mazoezi. Nayo ilipunguza hatari ya maradhi ya ulaji kwa asilimia 61, na unene uliopindukia kwa 55. Huko Massachusetts, programu ya Planet Health ilihimiza matunda, mboga, mwendo na kupunguza televisheni bila kutaja maradhi ya ulaji hata kidogo. Wasichana walioanza njia za hatari za kupunguza uzito walikuwa asilimia 2.8 katika shule zilizoitumia, na 6.2 katika zile ambazo hazikuitumia.

Kwa nini basi siiweki juu? Kwa sababu ya kinachotokea ikifika kwetu. Healthy Weight inamwambia msichana achague anachokula. Mwanafunzi wa bweni hachagui. Anapanga foleni na sahani, anapata posho (ugali) na maharagwe, siku ya sikukuu wali na nyama. Kitu pekee anachoweza kuchagua ni kula au kuacha. Kumfundisha huyo vyakula vizuri na vibaya ni kumpa sababu ya kuacha. Halafu mtu huleta mizani, watoto wanapimwa mstarini, namba zinasomwa kwa sauti, na kufikia jioni kila mtu bwenini anajua nani ana kilo ngapi. Kama kuna haja ya kupima uzito, upimwe na muuguzi, mmoja mmoja, na karatasi ikae kwake.

Pesa ya programu ya lishe ingekwenda jikoni ingefanya kinga kubwa zaidi. Maharagwe yachambuliwe, unga usiwe na wadudu, mboga iwepo mara kadhaa kwa wiki, muda wa kula usifupishwe mpaka mtoto anameza akikimbilia prep, masomo ya jioni, na kunyimwa chakula kusiwe adhabu wala njia ya kudai karo. Netiboli na riadha ziwe za kucheza, si za kuchoma mafuta. Hakuna jina la Kiingereza kwa mpango huo na hakuna mfadhili atakayeuzindua.

Shule yenu ni ya aina gani

Bweni la wasichana lenye muuguzi: Body Project kwa S3 na S5, Media Smart iliyofupishwa kwa S1, na kikao kimoja na padri, mchungaji au imamu kuhusu nani hapaswi kufunga. Kikao hicho kisiachwe. Uislamu wenyewe unamruhusu mgonjwa kuacha saumu na kulipa baadaye. Kanisa Katoliki linawabana kwa mfungo wa Kwaresima walio na miaka 18 hadi 59 tu, kwa hiyo wengi wa wanafunzi wetu hawamo. Kauli kama hiyo ikitoka kwa kiongozi wa dini ina uzito ambao muuguzi hana.

Shule ya kutwa ya mchanganyiko, darasa la watoto 80, hakuna muuguzi: Media Smart au vipindi vitano vya Dove, na nguvu nyingine ziende kwenye chakula cha mchana. Kuanzisha mjadala kuhusu kujinyima pale ambapo wengi wana njaa ni kuwakosea.

Makazi ya wakimbizi: tahadhari zaidi. Mtoto aliyewahi kukosa chakula njiani kutoka Kongo anaweza kula kwa pupa au kuficha chakula kwa sababu ambazo hazihusiani na umbo. Hapo mshauri wa shirika linalohudumia kambi aulizwe kwanza, programu baadaye.

Shule ya msingi: ziacheni programu zote za sekondari. Chama cha dunia cha Girl Guides, ambacho chama cha Uganda ni mwanachama wake, kina Free Being Me, iliyotokana na Body Project na kufanywa nyepesi kwa wadogo. Kama mna kikosi cha Guides, anzeni hapo.

Programu yoyote mtakayochukua, katika wiki za mwanzo atajitokeza mtu ambaye tayari anaumwa. Mjadala wa kikundi si tiba yake. Kabla ya kipindi cha kwanza, andikeni jina la mtu atakayempokea, kituo cha afya atakachopelekwa, na nani atampigia mzazi. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo hatua inayofuata kituo cha afya, na Butabika, Kampala, ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Simu ya bure ya watoto, Sauti 116, nayo ibandikwe mahali ambapo msichana anaweza kuisoma bila kuonekana akiisoma. Mlango wa choo unafaa kuliko ubao wa matangazo.

Muhula wa kwanza una wageni wa S1 wanaolia usiku na mara nyingi Kwaresima nzima. Muhula wa tatu una mitihani ya taifa ya UNEB. Wekeni mafunzo ya waendeshaji katika likizo ya Mei, na vipindi vyenyewe Juni na Julai.